Cibalonza na Mbwa Wasiokuwepo

Cibalonza alikuwa na miaka arobaini na saba, watoto wanne, cherehani mbili na kicheko kimoja kikubwa kilichojulikana Birere nzima, mtaa wa soko mjini Goma. Aliyetafuta kibanda chake katikati ya wauza viatu na wauza vitambaa vya vikwembe hakuhitaji kuuliza njia. Alisimama tu na kusikiliza. Mumewe Wenceslas, karani mpole wa wakala mmoja wa forodha karibu na mpaka, alizoea kusema kwamba wanawake wa upande wao wa Bukavu hufundishwa kucheka kwa adabu, na kwamba yeye alimpata yule pekee aliyekosa somo hilo.

Alishona kila kitu: sare za kwaya, nguo za komunyo, magauni ya siku ya mahari. Alikuwa na jicho la ajabu. Mteja aliingia, na kabla hajafungua mdomo Cibalonza alishamwambia ameongeza kilo mbili tangu Pasaka, na kiuno kimehamia wapi. Hakukosea.

Mambo yake yalianza siku moja ya mvua. Jirani na kibanda chake kulikuwa na chumba cha kuchezea pari, yaani kubashiri washindi kwa pesa, chenye skrini tatu ukutani na vijibendera vya plastiki mlangoni. Alikuwa amepita mbele yake miaka miwili bila hata kugeuza shingo. Siku hiyo alikuwa anarudi kutoka kununua uzi, mvua ikamwaga ghafla kama ndoo iliyopinduliwa, naye akaruka ndani huku uzi ameuficha kifuani.

"Mama, huku batu habaingiake bure," akasema Joviale, dada aliyekaa dirishani akipokea wachezaji, huku anacheka. "Chagua ekipe."

"Mie sijue mupira, mwanangu."

"Basi chagua jezi."

Jezi! Sasa hapo alikuwa nyumbani. Cibalonza akaisogelea skrini, akakunja macho, akaanza kukagua. Kola ya hawa imekaa vibaya, fundi wao alikuwa na haraka. Hawa bega linavuta. Lakini hawa hapa, tazama mshono ulivyonyooka. Watu wanaovaa hivi wanajiheshimu, hawawezi kufungwa na wale waliovaa magunia. Akachagua timu tano kwa mishono yao, akatoa noti moja iliyolowa, mvua ikakatika, akarudi kazini na kusahau.

Kesho yake asubuhi Joviale alikuja mbio, kandambili mkononi, akipiga kelele tangu mbali. Timu zote tano zimeshinda. Zote!

Cibalonza alisimama, akakaa, akasimama tena. Kitu fulani kilipanda kutoka kwenye magoti, kikapita tumboni, kikamtokea kinywani, na kilipotoka kilikuwa kicheko ambacho hata Birere haikuwa imewahi kukisikia. Akatoka nje akicheza, mkono wa gauni la mteja ukiwa bado umebandikwa begani kwake kwa pini. Akawanunulia brosheti za nyama wauza viatu wote wa kichochoro kile. Akamkumbatia hata askari wa barabarani, ambaye hakujua afanye nini na mikono yake. Jioni alipolala alihisi kitanda kinaelea. Na kabla usingizi haujamchukua, alijikuta anawaza kola.

Miezi iliyofuata ilikuwa, mtu akisema ukweli, miezi mitamu. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye alipata shida kuwaeleza watu. Wenceslas alikuwa amependa mpira tangu utoto, naye alikuwa ameutazama peke yake miaka ishirini na minne, amekaa pembeni ya sofa kama mgonjwa anayesubiri daktari. Sasa ghafla mkewe anakuja kukaa naye. Analeta sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizokaangwa. Anauliza maswali.

"Papa Magloire," anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "ile njo ofsaidi?"

"Hapana, ile si ofsaidi."

"Basi ule mwamuzi hana macho!"

Na wote wawili wakaruka, wakapiga kelele, wakaangushiana sambaza. Jirani aligonga ukuta. Wenceslas alianza kurudi nyumbani mapema, ananyoa ndevu Jumamosi, anamnunulia mkewe parachichi kubwa njiani. Aliwaambia wenzake ofisini kwamba ndoa yake imeanza upya. Hakujua kwamba ndani ya kitambaa cha kiunoni Cibalonza ana kuponi ya pari ya mchezo huo, na nyingine tatu za michezo ambayo haionyeshwi hata kwenye televisheni.

Kwa sababu jezi tano hazikutosha tena. Kwanza zilikuwa tano kwa juma, halafu tano kwa siku, halafu Joviale akamwonyesha namna ya kucheza kwenye simu, na tangu hapo chumba cha pari kikahamia kwenye mfuko wa aproni yake. Alijua timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tisa wa nchi ambayo asingeweza kuionyesha kwenye ramani. Alijua kipa wao ana goti bovu. Siku ambazo hapakuwa na mpira popote duniani, kulikuwa na mbwa.

Mbwa hao hawakuwa mbwa. Walikuwa picha za kompyuta, sita, kila mmoja na kikoti chenye namba mgongoni, wanakimbia sekunde thelathini, na baada ya dakika tatu wanakimbia tena, usiku na mchana, hawachoki, hawali, hawabweki. Cibalonza aliwapenda kwa vikoti vyao. Namba nne alikuwa na kikoti kilichoshonwa vizuri kuliko wote. Aliwahi kumpoteza mteja aliyemshonea miaka tisa kwa sababu alikuwa anamsubiri namba nne apinde kona.

Alikuwa ameahidi kuacha. Alimwahidi Bikira Maria mara tatu, na mara ya tatu alifanya novena kamili, sala ya siku tisa. Siku ya nne ya novena hiyo alijikuta anapiga hesabu kama ataweza kufika siku ya tisa, na ni kiasi gani angeweka juu ya jambo hilo kama kungekuwa na mtu wa kupokea. Akacheka mwenyewe kwa sauti kanisani, watu wakageuka, akafanya ishara ya msalaba.

Halafu ikaja harusi ya Victoire.

Victoire alikuwa binti wa Kahindo, na Kahindo alikuwa rafiki wa Cibalonza tangu siku ya kwanza Goma: mwanamke wa Butembo, mrefu, muuza maharage aliyepanda na kushuka barabara ya Rutshuru kama watu wengine wanavyopanda ngazi. Alimkabidhi Cibalonza kikwembe cha rangi ya parachichi na wasichana wanane wa kumsindikiza bibi arusi. "Nifanyie maajabu," alisema. Cibalonza alishona majuma mawili, mguu kwenye pedali, jicho moja kwenye sindano na jingine kwa mbwa.

Jumamosi ya harusi, saa mbili asubuhi, nyumbani kwa Kahindo kwenye barabara ya Munigi, wasichana wanane walivaa na kutoka uani kwa pamoja, mbele ya shangazi wote waliotoka Butembo.

Mkono wa kushoto wa kila msichana ulikaa vizuri kabisa. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda kwa nyuma, umeinuka, kana kwamba wote wanane wako tayari kurusha jiwe. Cibalonza alikuwa ameshona mikono kumi na sita, yote ya kushoto.

Shangazi mmoja akaanza kucheka mpaka akashika mti. Wa pili akafuata. Wasichana wakatazamana, wakaanza kupigiana saluti kwa mikono ile iliyogoma, na ua mzima ukalipuka. Kahindo mwenyewe alicheka mpaka machozi yakaharibu poda, akasema Mungu ametuma jeshi kumlinda bibi arusi. Lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote yaliyotokea kwenye barabara ile mwaka mzima.

Cibalonza peke yake hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye pindo la msichana wa tatu, pini nne mdomoni, na simu imelala kwenye nyasi karibu na goti lake.

"Ciba," akasema Kahindo, bado anajifuta macho. "Ciba, angalia mimi."

Cibalonza aliinua kidole kimoja. Subiri. Zilibaki sekunde kumi na mbili.

Kicheko cha Kahindo kikakauka. Akainama, polepole, akaichukua simu.

Yaliyofuata Cibalonza aliyakumbuka baadaye kama mtu anayeangalia mtu mwingine. Alizitema pini. Aliruka. Alimshika Kahindo mkono, akauvuta, kilemba cha mama wa bibi arusi kikaanguka, kiti cha plastiki kikapasuka, sahani ya mandazi ikaruka juu ya jiwe la lava. Na simu iliyokuwa mkononi mwa Kahindo ikasema kwa sauti ya furaha kwamba mshindi ni namba nne.

"Ni ine?" akauliza Cibalonza.

Alijisikia akiuliza. Hapo, mbele ya shangazi wote, rafiki yake akiwa kichwa wazi. Ni nne? Akaketi juu ya nyasi.

Kahindo hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele yake. "Uko mugonjwa, Ciba. Sikutukane. Kaka yangu kule Beni alikuwa vile na pombe, hii macho yako minayijua. Juma ijayo tutaenda kuonana na mutu. Leo tunaozesha mutoto. Sasa kata."

"Kata nini?"

"Mikono. Yote."

Cibalonza akakata. Mkasi ulipita mabegani mwa wasichana wanane kama umepagawa, akapindua, akashona kwa mkono, na kwa saa moja magauni yote yalikuwa hayana mikono hata mmoja. Wasichana walicheza mpaka jua likashuka. Kabla ya keki kukatwa, wanawake watatu walikuwa wameshamfuata kumuuliza kama anaweza kuwashonea ile modeli mpya.

Kumwambia Wenceslas kulikuwa kugumu kuliko kukata mikono kumi na sita. Alimwambia Jumapili baada ya misa, mezani. Alimwambia juu ya kuponi, mbwa, na akiba ya kununulia mabati ya nyumba, ambayo ilikuwa imekwisha. Alitegemea atakasirika kwa ajili ya mabati. Wenceslas alizungusha kijiko.

"Wakati ule tulikuwa tunaruka pamoja," akasema mwisho. "Ulikuwa unaruka na mimi, ao na zile kuponi?"

"Sijue, Papa Magloire. Kweli ya Mungu, sijue."

Wenceslas aliondoka mezani, akaenda kutembea kando ya ziwa, akarudi jioni na parachichi. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa parachichi.

Mtu ambaye Kahindo alimpeleka kwake aliitwa Daniella, psikologi, mtaalamu wa magonjwa ya nafsi, wa kituo cha afya, dada mwenye nywele fupi za kusuka na viatu vya mpira, ambaye siku nyingi aliwasikiliza watu waliokimbia vita. Cibalonza aliona haya kukaa kwenye benchi moja na watu hao.

"Bo bameikimbia vita," akanong'ona alipoingia. "Mie nimekimbia nini? Mbwa."

"Hapa hatupimi shida kwa mizani, mama," akasema Daniella. "Nitakuuliza mambo tisa. Jibu ndiyo au hapana."

Je, anaufikiria mchezo hata akiwa anafanya mambo mengine? Ndiyo. Je, imebidi aongeze kiasi ili apate utamu uleule? Ndiyo. Amejaribu kuacha akashindwa? Akamweleza habari za novena. Akizuiwa, anakasirika, anakosa raha? Akaeleza habari za kilemba. Hucheza akiwa na huzuni? Akishaliwa, hurudi kesho kutafuta alichopoteza? Amedanganya? Amehatarisha kazi, au watu anaowapenda? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Umewahi kutegemea mtu mwingine akutoe kwenye shida ya pesa iliyoletwa na mchezo?"

"Ile hapana!" Cibalonza akakaa vizuri. Halafu akakohoa. "Isipokuwa Kahindo. Mara mbili."

"Basi ni tisa."

"Tisa juu ya ngapi?"

"Juu ya tisa. Kuanzia nne tunasema ni ugonjwa."

Cibalonza alimtazama. Tangu shule ya msingi hakuwa amewahi kupata alama zote. Kicheko kikaanza chini, kwenye magoti, kikapanda. Akajaribu kukizuia, kikamshinda, naye Daniella, ambaye alikuwa na diploma mbili, akazidiwa pia, wakacheka wote wawili mpaka watu wa benchi wakachungulia. Na katikati ya kicheko Cibalonza akagundua kwamba analia, na kwamba kilio hicho kinamwondolea uzito fulani mgongoni. Ugonjwa. Kumbe kitu hiki kina jina. Mwaka mzima alijiita mwizi, mjinga, mtu aliyelaaniwa.

Daniella alimwambia mambo waziwazi. Ubongo ukizoeshwa furaha ya ghafla unaanza kuidai, kama mlevi anavyodai chupa, na maombi na aibu peke yake havitoshi, ingawa maombi hayajakatazwa. Hakuna kidonge cha kumeza. Kuna kazi. Laini ya pesa ya simu itakaa kwa Papa Magloire, na yeye Cibalonza atabaki na simu ndogo ya vitufe. Atakuja kila Alhamisi. Hatapita mbele ya chumba cha Joviale. Atazunguka nyuma kwa wauza viatu. Mpira pia utasubiri. Na hamu ikija, atatazama saa.

"Hamu inapanda, inafika juu, halafu inashuka. Mara nyingi haimalizi nusu saa. Kazi yako ni kuipitisha."

"Kama uchungu wa kuzaa," akasema Cibalonza, aliyezaa mara nne.

"Kabisa. Ila hapa, mama, usisukume."

Maneno hayo yakawa yao. Ikawa Kahindo akipita kibandani na gunia lake na kumwona Cibalonza ameshika meza kwa mikono miwili, anapumua kwa mdomo, anamwitia kutoka barabarani: "Usisukume, mama! Usisukume!" Wateja walitazama tumbo lake kwa wasiwasi. Katika umri ule!

Alhamisi moja Daniella alimwomba ataje kuponi zake zote, hata zile alizopoteza. Cibalonza alizikumbuka zilizoshinda, kwa kola na kwa mishono. Za kupoteza zilikuwa kama hazikutokea.

"Ukipima kiuno," akauliza Daniella, "unaandika zile santimeta unazozipenda tu?"

Cibalonza aliona haya ya kitaalamu, haya mbaya kuliko nyingine zote. Akiwa fundi, alikuwa amekata kitambaa mwaka mzima bila kipimo.

Mwezi wa tatu wa zile Alhamisi akaanguka. Ilikuwa siku nzuri, wala hakuwa na huzuni, akapita mbele badala ya nyuma, akaingia, akacheza mara moja. Na akashinda. Alifika kwa Daniella bila kusubiri Alhamisi, macho yanang'aa, pumzi juu, franga alizoshinda zimefungwa kwenye kona ya kikwembe.

"Nimeshinda, na ni mubaya sana," akasema. "Nilikuwa sijazigusa hata. Bado Joviale ananipa, mie naangalia nyuma yake, kwenye mbwa."

"Umeona mwenyewe," akasema Daniella. "Kuanguka kumo ndani ya ugonjwa huu. Umekuja siku ileile. Mara ya kwanza ulikuja baada ya muda gani?"

Cibalonza akafikiri. "Mwaka."

"Basi tuendelee."

Franga zile alimpa Wenceslas, naye alizipeleka kwa muuza mabati. Lakini Jumapili zilibaki shida. Televisheni ilifunikwa kitambaa. Wenceslas alikaa pembeni ya sofa yake, Cibalonza pembeni nyingine, wanaangalia kitambaa. Nyumba ilikuwa kimya hata jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Ni Wenceslas aliyevumbua, yule karani mpole. Jumapili moja alasiri alimwambia mkewe avae viatu vya kufunga. Wakapanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka Munigi, na pale juu alikuwa amekodi chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali inayobebeshwa maharage na makaa. Mwenye chukudu, Paulin, mwanamume mwenye misuli kama kamba, aliwatazama wazee hao wawili kwa huruma.

"Papa, umekwisha kuendeshaka chukudu?"

"Nikiwa mutoto."

"Minaona."

Wenceslas akapiga goti moja juu ya ubao, miwani ameifunga kwa uzi. Cibalonza akakaa nyuma, mikono kiunoni mwa mumewe. Wakasukuma mara mbili. Lami ikaanza kuteremka yenyewe.

Mama wee! Nyumba za Munigi zikapita, kuta za mawe meusi zikapita, mbuzi mmoja akapita akiwa ameduwaa, mama wa kabichi akaruka kando na kuwatukana kwa Kinande. Upepo ukaingia kinywani mwa Cibalonza na kumtoka kama kelele. Kitenge chake kikapanda kikawa tanga. "Breki!" akalia. "Breki iko wapi?" "Ni kiatu!" akapiga kelele Wenceslas. "Breki ni kiatu!" Akakandamiza kiatu chake cha ofisi kwenye gurudumu la nyuma, kiatu kikanyakuliwa, kikaruka, wakaenda bila kiatu, wakapinda, wakapanda ukingo wa barabara na kumalizia safari ndani ya kichaka cha magugu, chukudu juu, wao chini.

Halafu kutoka ndani ya magugu kikatoka kile kicheko, na cha pili, chembamba, cha mtu aliyefundishwa adabu na kuisahau.

"Umeumia, Mama Magloire?"

"Goti tu. Na wewe?"

"Sina kiatu."

Cibalonza alilala chali akitazama mawingu juu ya volkano ya Nyiragongo, akihema. Alijipapasa ndani ya kichwa, kama mtu anavyopapasa jino bovu kwa ulimi, akitafuta wale mbwa. Walikuwepo, mbali, wanakimbia kwenye kona yao. Hakuwaambia kitu. Jumanne iliyofuata ingekuwa mbaya, angempigia Daniella mara mbili kabla ya saa sita, lakini hiyo ilikuwa Jumanne.

Paulin alifika mbio, kiatu cha ofisi mkononi, akiwa tayari kukuta maiti. Aliwakuta wawili hao wanabishana nani atakaa mbele safari ya pili.

"Wewe unaendesha kama karani," Cibalonza alikuwa anasema, huku anafunga kikwembe upya kiunoni. "Toka. Njo zamu yangu."